Beseni Moja, Vitanda Vinne

Jumatatu, 3 Machi

Wewe sista mwembamba, uliyepita vitanda kumi na viwili leo asubuhi bila kumpa mgonjwa hata mmoja mkono, ulilelewa na nani? Mtu amelala na mfupa uliovunjika, anakungoja kama anangoja mvua, na wewe unapita na faili kifuani unasalimia hewa. Hewa haiumwi. Kwetu hata adui akilazwa anapewa mkono. Nilimwambia hivyo mbele ya watu wote. Alitabasamu, akajipaka ile dawa yake ya mikono, akaenda kitanda kingine. Kiburi tupu.

Kama hataki kusalimia, nitasalimia mimi. Nilianza mlangoni nikamalizia dirishani, mkono kwa mkono, wodi yote ya mifupa ya wanawake. Yule aliyefungwa plasta mikono yote miwili nilimshika shavu.

Mjukuu wangu Akinyi yuko kitanda cha sita. Amekunywa uji nusu kikombe. Mguu wa kulia umevimba lakini vidole vina joto. Vyuma vinne vimetoka nje ya ngozi, vimeshikwa na kingine kirefu, kama fremu ya baiskeli. Daktari anasema vitakaa hivyo mpaka mfupa ushikane. Pikipiki ilimgonga pale Nyamasaria akivuka na gauni la mteja. Gauni halikupata hata doa. Alilishika juu. Mtoto mjinga.

Mguu wenyewe ndio ule anaokanyagia cherehani.

Alhamisi, 6 Machi

Beseni langu la bluu kutoka nyumbani sasa linakaa chini ya kitanda cha Akinyi. Sista mwembamba alilitazama. Mimi nikamtazama yeye. Likabaki.

Ninaomba maji ya moto kwa wapishi. Namwosha uso, kwapa, mgongo, halafu mguu. Sista amesema nisiguse kwenye vyuma, hiyo ni kazi yake, ana vifaa vyake vilivyochemshwa. Kazi yake! Nani alimwosha huyu mtoto tangu mama yake azikwe, akiwa na miaka miwili? Nilingoja atoke, nikafuta ule uchafu mkavu kwenye chuma. Maji na chumvi. Polepole.

Kitanda cha saba kuna mama wa Port Victoria, Pelesia. Rika langu. Aliteleza na karai la omena, dagaa wa ziwani, kichwani, nyonga ikavunjika. Watu wake wako mbali, mwanawe alikuja mara moja tu. Ana mpira wa mkojo, mfuko unaning'inia kando ya kitanda kila mtu auone. Saa tatu asubuhi alikuwa bado hajaoshwa. Ile ni aibu. Nilimwosha. Beseni lile lile, kitambaa kile kile. Maji nilibadilisha. Mimi si mchafu.

Lugha yake si yangu, basi tunapatana kwa Kiswahili. Anasema changu kinatembea na fimbo. Nikamwambia chake hakijaanza hata kutambaa.

Jumapili, 9 Machi

Homa ya Akinyi imeshuka. Wiki iliyopita walichukua usaha wakapeleka maabara, wakampata mdudu, wakajaribu dawa juu yake, dawa ikamuua. Ndiyo hiyo anayopewa kwenye dripu. Jina la mdudu ni refu. Akinyi aliniandikia: klebsiela. Kama jina la mke wa mkubwa.

Nimeosha pia kitanda cha tatu, kwa sababu dada yake alichelewa, na kitanda cha tisa, mama kijana aliyevunjika paja. Akina mama wa kanisa walinikuta nimekunja mikono ya nguo. Mmoja akasema, "Salome, hii wodi wangekuajiri." Nikasema wangeanza kwa kufukuza wale wasiosalimia. Wakacheka. Sista alikuwa nyuma yangu, alisikia. Nilifurahi alisikia.

Jumatano, 12 Machi

Joto la mchana limezidi, halafu mvua ikaja kutoka ziwani na upepo ukafunga madirisha yenyewe.

Pelesia analalamika mkojo unamchoma. Anasema si mara ya kwanza, huko kwao ukimchoma anakwenda dukani kununua vidonge vya rangi mbili, anameza viwili. Maumivu yakinyamaza, vilivyobaki anaweka kwenye leso. Miaka mingi anafanya hivyo. Nilimfokea. Nikamwambia dawa si njugu, mtu anatafuna mbili anafunga mfuko. Aliinama kama mtoto wa shule.

Nimefika nyumbani nikafungua kopo la majani ya chai lililo juu ya kabati. Vidonge kumi na saba. Vya jino langu, vya kifua cha Akinyi mwaka juzi, vingine sijui ni vya nini. Kingine cheupe nilimpa jirani kwa kidonda chake, akakifungua akanyunyizia unga. Mwezi wa kwanza huo.

Sitamwambia Pelesia.

Ijumaa, 14 Machi

Homa imerudi.

Jumamosi, 15 Machi

Mguu unanuka. Naijua harufu ya samaki aliyelala siku mbili na najua yule wa siku tatu. Huyu ni wa tatu. Akinyi anasema, "Dani," ndiyo bibi kwetu, "usikunje uso, nitajua." Sikukunja. Nilifikiri sikukunja.

Dripu inaendelea, dawa ile ile. Mbona haifanyi kazi? Nilimwuliza sista mwembamba. Akasema wamechukua usaha tena, tungoje majibu ya maabara. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikuuliza kwa nini.

Niliosha mguu mara mbili leo. Na Pelesia mara moja.

Jumatatu, 17 Machi

Majibu yametoka. Mdudu ni yule yule wa kwanza, klebsiela. Lakini dawa iliyomuua wiki mbili zilizopita sasa haimwui. Wamemjaribu na nyingine tano. Anakaa ndani ya dawa hizo kama bata mvuani. Iliyobaki ni moja, kali, inayoweza kuchosha figo. Wameianza leo.

Daktari wa mifupa alikuja na wanafunzi wake. Aliongea nao Kiingereza. Halafu akaweka kiganja chini kidogo ya goti la Akinyi, kwa ubavu wa mkono, kama fundi anayepima ubao pa kukata. Mimi nilienda shule mpaka darasa la tatu, hayo mengine nilisoma gumbaru nikiwa mtu mzima, lakini mkono kama ule nausoma vizuri.

Nilimfuata nje. Nikamwuliza moja kwa moja. Akasema homa isiposhuka ndani ya siku kumi, itabidi wachague kati ya mguu na mtoto. Akaniita Mama. Alisema kwa heshima. Nilitaka kumpiga.

Akinyi hajui. Nafikiri.

Jumanne, 18 Machi

Leo amekuja mama wa maabara, Nekesa. Mnene, mcheshi, viatu vya raba. Alivuta kiti akakaa katikati ya kitanda cha sita na cha saba. Wa kwanza kukaa tangu tufike hapa.

Nilimwambia maabara yao ilikosea mara ya kwanza. Mdudu hawezi kubadilika hivyo kwa siku kumi na nne. Mbwa akilala mbwa huamka mbwa. Akasema, "Mama, ameamka mbwa, lakini amejua kufungua mlango."

Akaeleza. Nimesikiliza mara mbili na bado ninaandika ili nielewe.

Ndani ya kila mdudu kuna maagizo ya kuishi. Ndiyo jeni. Maagizo mengine yako pembeni, kwenye pete ndogo, na mdudu anaweza kuinakili ile pete akampitishia mwenzake wakigusana. Mwenzake si lazima awe ndugu yake, wala kabila lake. Pelesia ana mdudu kwenye mkojo, wa kabila lingine, wanamwita ikolai. Dawa zinazoshindwa kumwua huyo ikolai ni zile zile zinazoshindwa kumwua klebsiela wa Akinyi. Safu nzima, moja moja. Nekesa anafikiri klebsiela wetu alipewa pete na wa jirani. Ametuma wote wawili kwenye maabara kubwa upande wa Kisian wazisome pete zao.

Nikauliza, kwa hiyo dawa ndiyo iliwafundisha? Akasema dawa haifundishi. Dawa inaua wasiojua, wanabaki wanaojua, na shamba lote linakuwa lao. Ukimeza mbili ukaacha, kila mara unapalilia kwa ajili yao.

Pelesia alifunga leso yake vizuri.

Akinyi ana homa, midomo imepasuka, lakini ndiye aliyenifanya nielewe. "Dani, ni kama karatasi ya kukatia gauni. Mimi ninayo ya mikono ya puto. Fundi wa jirani hana. Anaweka gazeti juu ya karatasi yangu, anachora, anakata. Jioni tunashona mikono ya puto sisi wawili, na yangu sijapoteza." Nekesa alicheka mpaka kiti kikalia. Akasema amefundisha wanafunzi miaka mingi na hajaisikia hivyo, akaomba ruhusa aitumie. Akinyi akasema sawa, lakini yeye hangempa mtu mikono ya puto bure.

Sasa nimeelewa. Na kwenye karatasi moja mtu anaweza kuchora mkono, kola na mfuko, vyote pamoja. Ndiyo maana mdudu alizijua dawa zote kwa mkupuo.

Nekesa alipoinuka akauliza jambo moja. Wadudu hawana miguu. Huyu wa kitanda cha saba alifikaje kwenye kidonda cha kitanda cha sita?

Nilikuwa nimekaa. Beseni la bluu lilikuwa nyuma ya visigino vyangu.

Jumatano, 19 Machi

Matroni amekuja na daftari. Anauliza kila mtu. Nani anafunga vidonda, nani anamwaga mkojo, nani ananawa na nani hanawi. Zamu nyingi zilikuwa za sista mwembamba. Matroni alimwita kwenye kona, karibu na sinki, akaongea naye kwa sauti ya chini ambayo wodi nzima ilisikia. Kwamba yeye ndiye aliyetoka kitanda cha saba kwenda cha sita. Kwamba anaweza kusimamishwa kazi mpaka ijulikane.

Sista akasema, "Mimi nanawa, Matroni." Basi. Hakunitaja. Na beseni aliliona. Aliliona tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema.

Nilikunja leso ya Akinyi. Nikaikunjua. Nikaikunja tena.

Alhamisi, 20 Machi

Sikuosha mtu leo. Nilisema mgongo unauma. Beseni nimelirudisha nyumbani ndani ya mfuko wa gunia, kama mwizi wa kuku.

Ijumaa, 21 Machi

Wamempeleka Akinyi chumba cha upasuaji kukwangua mfupa uliooza. Kwa muda wa saa tatu na nusu nilikaa kwenye benchi. Aliporudi nilihesabu miguu kabla sijamtazama uso. Miwili. Mungu anisamehe, nilianza na miguu.

Homa bado.

Pelesia amehamishiwa chumba cha pembeni, peke yake. Anayeingia kwake anavaa eproni na glavu. Hawakumweleza vizuri, au walimweleza kwa haraka. Alipokuwa anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu alinitazama. Alidhani amenuka. Alidhani tumemkataa. Nilipaswa kwenda kando ya kitanda chake. Nilijifanya napanga vikombe.

Moyoni nilimlaumu. Nikasema ni vidonge vyake viwili viwili vilivyotuletea haya. Kopo langu la majani ya chai nikalisahau mara moja. Mtu ana akili sana akitaka kulaumu.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani wameniombea mbele. Salome mtumishi wa wagonjwa, wamesema. Salome mwenye mikono ya huruma. Wakaniambia niinue hiyo mikono waibariki.

Niliiinua. Nimewahi kuzika mume na watoto watatu, sijawahi kubeba kitu kizito kama ile mikono.

Siku sita zimekwisha kati ya kumi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimesema.

Sikulala vizuri nikijipangia maneno mazuri, na asubuhi yote yalitoka kama maji machafu dirishani. Nilimkuta matroni mezani, na sista mwembamba amesimama kando yake, na Nekesa. Bora wote watatu, nisirudie. Nilisema: ni mimi. Beseni langu, kitambaa changu, mikono yangu. Nilianza na Akinyi, nikaenda kwa Pelesia, nikarudi kwa Akinyi. Niligusa vyuma. Nilikatazwa, nikagusa. Huyu msichana hakukosa. Huyu msichana ndiye peke yake aliyekuwa na adabu humu ndani, na mimi nilimwita mkosa adabu.

Matroni alikasirika. Ana haki. Aliuliza kwa nini sikusema Jumatano. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ni mtu mwenye majivuno na majivuno yana masikio mazito.

Nekesa hakukasirika. Alichomoa kalamu haraka. "Mama, vitanda gani vingine?" Hilo sikulitegemea. Nilifikiri kosa likishasemwa limekwisha. Kumbe yeye alitaka kuhesabu njia. Nikamwambia: cha tatu mara mbili. Cha tisa mara nne. Kunawisha na kufuta mgongo. Kusalimia, vyote kumi na viwili, kila siku.

Akasema wa tisa anapasuliwa kesho. Akainuka na vile viatu vyake vya raba, karibu kukimbia.

Majibu ya maabara kubwa amenipa akiwa mlangoni. Pete ni ile ile. Kwa Pelesia na kwa Akinyi, wadudu wa makabila mawili, pete moja. Hakusema zaidi. Yeye ni mtu mzuri.

Nilimwuliza sista jina lake. Wiki tatu nzima sijui jina lake. Beatrice. Baba yake ni mwalimu. Basi alilelewa na mwalimu. Nimejibiwa.

Alhamisi, 27 Machi

Siku ya kumi. Joto la Akinyi asubuhi limepungua kidogo. Mchana likapanda. Daktari hakuja na kile kiganja, alikuja na karatasi. Akasoma, akakuna kidevu, akasema atampa mpaka Jumanne. Mdudu ameacha kuongezeka lakini hajakata tamaa. Hata mimi.

Wa kitanda cha tisa amekutwa na mdudu wa Pelesia tumboni. Hamdhuru akiwa huko, Nekesa anasema tumboni kuna wengi wanaokaa kwa amani. Lakini angepasuliwa juzi kwa dawa ya kawaida, huyo mdudu angeingia kwenye paja. Wameahirisha, wamepanga dawa nyingine. Wa tatu hana kitu. Nilikaa chini niliposikia. Paja la mtoto wa watu.

Halafu saa sita na nusu wakaja akina mama wa kanisa. Kumi na wanne, vitambaa vyeupe kichwani, wimbo tayari kooni. Walikuwa wananyoosha mikono tangu kwenye ngazi.

Nilisimama mlangoni. Nikasema haingii mtu kabla hajanawa pale kwenye sinki, na akiingia anasimama mwisho wa kitanda cha mgonjwa wake mmoja, haketi kitandani, hashiki mkono wa mtu. Walidhani natania. Mwenyekiti wao, mama aliyenizidi umri, akanyoosha mkono kunisalimia mimi mwenyewe.

Sikuupokea.

Mkono wake ulibaki hewani. Tangu nizaliwe sijaacha mkono wa mkubwa hewani. Akasema, "Yawa, Salome, tumekuwa uchafu kwako?" Nikamwambia, "Uchafu ulikuwa kwangu, Mama. Mikono ile mliyobariki Jumapili ndiyo ilimwambukiza Akinyi." Nikamwambia yote, hapo hapo, mbele ya sinki, watu wakipita na sahani za chakula. Watano walinuna wakashuka ngazi. Tisa walinawa. Yeye alikuwa wa kwanza kunawa, na alinawa mpaka kwenye viwiko, kama anayeenda kukanda unga.

Beatrice alikuwa anatazama kutoka kwenye meza ya dawa. Hakutabasamu. Aliinamisha kichwa kidogo tu.

Jumanne, 1 Aprili

Homa hakuna. Jana hakuna, leo hakuna.

Daktari alikuja na wanafunzi. Alitazama kidonda, hakikunuka, nikamwona anavuta hewa ili ahakikishe. Mkono wake uliingia mfukoni ukakaa humo. Alisema mguu unabaki. Utakuwa mfupi kidole kimoja, kifundo kitakuwa kigumu, kutakuwa na ngozi ya kubandika. Lakini unabaki. Figo zinaendelea vizuri.

Sikulia. Nilimwambia daktari ale vizuri, amekonda kwa kazi.

Walipoondoka nikamwambia Akinyi. Nilikuwa nimemwambia matroni, kanisa, hata mpishi wa maji ya moto. Yeye bado. Nilianza mbali, nikaanza na mama yake, akanikatiza. "Dani. Nililala hapa wiki nne. Beseni ni moja. Nililiona likienda na nikaliona likirudi." Nikamwuliza kwa nini alinyamaza mbele ya Nekesa. Akasema alikuwa ananingoja mimi.

Alingoja na mguu wake.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda kwa Pelesia. Siku kumi na tisa sikuingia kwenye chumba chake. Nimehesabu mwenyewe.

Beatrice alinivalisha eproni na kunionyesha glavu, jinsi ya kuzivua bila kugusa nje. Nilirudia mara tatu mpaka akaridhika. Nilibeba beseni la kijani, jipya, limeandikwa PELESIA kwa rangi ya kucha ya Akinyi.

Alikuwa ametazama ukuta. Alipogeuka akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Umejifunga mifuko kama samaki wa supamaketi." Nikamwambia akae kimya aoshwe. Akasema alijua nitakuja siku atakayokuwa maiti, niwe mbele kwenye msiba, nilie kuliko wenyewe. Nilistahili hiyo.

Nilimweleza kwa Kiswahili changu chenye fimbo. Kwamba hakunuka. Kwamba mdudu wake hana hatia kubwa kuliko mikono yangu. Kwamba hajatengwa kwa sababu yeye ni mbaya, ametengwa ili wengine wasipate, na hilo alipaswa kuelezwa siku ile ile na mtu anayemjua, na mtu huyo nilikuwa mimi. Akaniuliza yule msichana amebaki na mguu wake? Nikasema amebaki nao. Akafungua leso, akatoa vidonge vitatu vya rangi mbili, akaviweka kwenye kikopo cha takataka za hospitali, kimoja kimoja.

Nimemwosha mgongo. Una mifupa kama ngazi. Glavu ni ajabu, joto linapita.

Jumamosi, 19 Aprili

Tuko nyumbani, Nyamasaria. Mvua ya alasiri imekwisha. Akinyi amelala kwenye kiti kirefu karibu na mlango, mguu juu ya mito miwili, magongo ukutani. Cherehani ameifunua. Hajagusa. Nilimwona anakanyaga hewa kwa ule mguu mgumu, polepole, mara nne, kisha akaacha.

Kopo la majani ya chai nilimpelekea Nekesa juzi, na vidonge vyake vyote. Alivihesabu, akaniuliza vya nini. Nilivyojua nikasema. Nisivyojua nikasema sijui.

Pelesia anatoka Jumanne. Mwanawe amesema atakuja kumchukua. Beseni la kijani linakwenda naye Port Victoria, na maagizo yake nimempa kwa mdomo mara mbili, kwa sababu anajifanya hasikii.

Kesho watu watakuja kumwona Akinyi. Kanisa lote, na majirani, na wale watano walionuna. Salome, amka mapema. Toboa lile beseni la bluu matundu sita, lijaze udongo, panda dhania. Mtungi wenye bomba uweke nje ya mlango, na sabuni juu ya jiwe. Asiyenawa asiingie, hata awe mchungaji. Na simama wewe kwanza pale, wakikutazama, unawe mpaka viwikoni.